Povu, ubao wa karatasi au balsa: ulinganisho wa malighafi za ndege ndogo za umeme za rimoti

Anayetaka kuunda ndege ndogo ya umeme inayoongozwa kwa rimoti hukutana mapema na swali la malighafi, na mara nyingi hulijibu kwa kuangalia jambo moja tu, yaani ni ipi inayoruka vizuri zaidi. Kwa mtu anayejifunza, au anayefanya kazi hii peke yake, kipimo hicho hakitoshi. Ndege ya aina hii itaanguka, hata ikiwa mikononi mwa rubani makini, na kinachoamua kama mwenyewe ataendelea au ataiweka stoo ni namna ndege ilivyovunjika na kama anaweza kuitengeneza kwa gundi na kisu alivyo navyo. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na kuvunjika, ndipo unafuata uundaji na urukaji.

Malighafi zinazolinganishwa ni nne: povu la EPP, ambalo ni polipropilini iliyovimbishwa, karatasi bapa za povu la polistirini, zinazojulikana zaidi kwa jina la Depron, ubao wa povu uliobandikwa karatasi pande zote mbili, ule unaotumiwa kwa maonyesho na kazi za sanaa, na balsa, mti mwepesi unaotoka hasa Ekuado. Ndege nyingi zinazouzwa zikiwa tayari zimeumbwa kwa malighafi ya tano, povu la EPO, ambalo halikatwi nyumbani bali hutoka kwenye kalibu kiwandani, nalo litatajwa pale linapohusika.

Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue ndege moja tu na kuibadilishia kiunzi. Bawa lake lina urefu wa mita 1 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20, yaani eneo la desimita za mraba 20. Ndani yake kuna mota isiyo na brashi, kidhibiti cha mwendo, sevo tatu za gramu 9 (mota ndogo zinazosukuma vibapa vya kuongozea), kipokezi cha amri za rimoti, na betri ya lithiamu polima ya seli tatu yenye uwezo wa miliampea-saa (mAh) 1,300. Vifaa hivyo kwa pamoja vina uzito wa gramu 220 hivi, na vitabaki vilevile kwa kiunzi chochote isipokuwa cha Depron, ambacho hufaa vifaa vidogo zaidi.

Kuvunjika na kutengenezwa

EPP haivunjiki kwa maana ya kawaida. Likigonga ardhi, povu hili hubonyea kisha hurudi kwenye umbo lake, na katika ajali nyingi kinachoharibika ni vitu vilivyofungwa juu yake: propela, kibao cha mota, au fito za kaboni zilizopachikwa ndani ya bawa ili kulipa ukakamavu. Likichanika, huchanika kwa mpasuko usio na vipande vilivyopotea, na matengenezo yake ndiyo mepesi kuliko yote. Gundi ya viatu, ambayo ingeyeyusha polistirini, haiidhuru polipropilini. Pande zote mbili za mpasuko hupakwa tabaka jembamba, huachwa wazi kwa dakika 10 hivi hadi gundi isinatie kidoleni, kisha hukutanishwa na kubanwa kwa nguvu. Ni lazima alama za kulinganisha ziwekwe kabla ya kubana, kwa kuwa nyuso zikishakutana hazisogei tena. Ufito wa kaboni uliovunjika hauhitaji kung'olewa: unachanja mfereji mwingine sambamba nao, unalaza ufito mpya unaovuka mahali palipovunjika kwa angalau sentimita 10 kila upande, unapaka gundi, na unafunika kwa tepu yenye nyuzi. Kazi hii yote inaweza kufanyika uwanjani, na ndege ikaruka tena siku hiyohiyo.

Depron ni kinyume chake. Ni kavu, huvunjika kwa mstari safi kama biskuti, na nyufa hupenda kuanzia kwenye kona za matundu ya sevo na mahali bawa linapokutana na kiwiliwili. Usafi huo wa mvunjiko ni faida, kwa sababu vipande hurudiana bila pengo, lakini gundi lazima ichaguliwe kwa uangalifu mkubwa. Supa gluu ya kawaida hula polistirini papo hapo na kuacha shimo, na rangi nyingi za kupuliza hufanya vivyo hivyo kwa sababu ya viyeyusho vilivyomo. Zinazofaa ni epoksi, gundi nyeupe ya mbao, au supa gluu iliyotengenezwa mahususi kwa povu. Gundi nyeupe ni nyepesi na salama, ila katikati ya kiungo kipana hukawia sana kukauka, kwa kuwa povu hili halipitishi hewa. Tatizo kubwa la Depron si ugumu wa matengenezo bali mrundikano wake. Ndege yenye gramu 200 inayobandikwa epoksi na tepu kila wiki hupoteza taratibu ule wepesi uliomfanya mwenyewe aichague, na mkia wake ukizidi kuwa mzito, betri hulazimika kusogezwa mbele ili mizani irudi, hadi siku ambayo hakuna tena nafasi ya kusogea.

Ubao wa karatasi una tabia ya pekee. Nguvu yake haimo ndani ya povu bali kwenye karatasi mbili zinazovutwa na kusukumwa bawa linapopinda, na mara karatasi ikijikunja, nguvu ya sehemu hiyo imekwisha hata kama kwa macho inaonekana nzima. Gundi ya moto huunganisha mipasuko kwa dakika chache, lakini ubao uliopondwa haunyooki. Njia bora ya kuutengeneza ni kubadilisha kipande kizima. Kwa hiyo aliyetunza vielelezo vyake vya kukatia vya karatasi ngumu anaweza kukata pua mpya au mkia mpya, akaukunja na kuugandisha, kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwenye balsa angeutumia kutafuta vipande nyasini. Adui yake halisi ni maji. Umande wa asubuhi unatosha kuifumua karatasi kwenye kingo, kwa hiyo inafaa kingo zifunikwe kwa tepu na tumbo la ndege lipakwe vanishi ya maji kabla ya safari ya kwanza.

Balsa huvunjika vibaya, na hili lisemwe bila kuficha. Katika ajali ya kichwa, betri ndiyo kitu kizito kuliko vyote ndani ya ndege, nayo huendelea mbele kwa mwendo uleule na kupasua kuta za ndani moja baada ya nyingine. Hata hivyo, balsa ndiyo malighafi pekee kati ya hizi nne ambayo baada ya matengenezo mazuri hurudi kwenye nguvu na umbo lake la awali, na uzito ulioongezeka ni mdogo sana. Siri ni subira. Vipande vyote hukusanywa, na nyuzi zilizochongoka kwenye mvunjiko haziondolewi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha mahali pake na kuongeza eneo la kushikana. Mbavu, yaani vipande vyembamba vinavyolipa bawa umbo lake, na vijiti vidogo hurudishwa mahali pake na kutiwa tone la supa gluu nyepesi, ambayo hunyonywa na mti hadi ndani. Mhimili wa bawa, yaani mti mkuu unaolibeba kwa urefu wake, hautengenezwi hivyo. Unakatwa kwa mshazari mrefu, wenye urefu angalau mara 8 ya unene wa mti, na kipande kipya huchongwa kwa mshazari huohuo. Mhimili wa milimita 6 unahitaji mshazari wa milimita 50 hivi. Baada ya kuunganishwa kwa gundi ya mbao, hubandikwa plaiwudi nyembamba pande zote mbili za kiungo, kisha plastiki ya kufunikia hukatwa kiraka na kupigwa pasi ya joto la wastani. Hakuna sehemu ya kazi hii iliyo ngumu kuielewa, lakini huchukua jioni nzima au zaidi, na huhitaji meza iliyonyooka, kwa kuwa bawa lililoungwa likiwa limejipinda litaivuta ndege upande mmoja maisha yake yote.

Kuhusu EPO, aliyenunua ndege iliyo tayari na pua yake ikabonyea asikimbilie kuagiza nyingine. Maji yaliyotoka kuchemka, yakimiminwa polepole juu ya sehemu iliyobonyea baada ya kuondoa betri na vifaa vyote, huvimbisha chembe za povu, na mara nyingi umbo hurudi karibu kama lilivyokuwa. Mipasuko yake huunganishwa kwa supa gluu ya kawaida bila madhara.

Jambo moja halitegemei malighafi. Betri ya lithiamu polima iliyopitia ajali huondolewa ndani ya ndege mara moja na kuwekwa nje, juu ya kitu kisichoshika moto, ikaangaliwa kwa muda kabla ya kurudishwa kazini. Iliyovimba au kutoboka haichajiwi tena hata kama volti zake bado ni nzuri.

Kuunda

Hapa tofauti ni ya zana na muda, si ya kipaji. Ubao wa karatasi unahitaji kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma na bunduki ya gundi ya moto. Unaukata upande mmoja wa karatasi, unakunja, na mkunjo wenyewe unakuwa bawaba ya kibapa cha kuongozea. Mtu ambaye hajawahi kuunda chochote anaweza kumaliza kiunzi kwa siku mbili za mapumziko. Depron inataka zana hizohizo na mkono mwepesi zaidi, kwa sababu kisu butu huing'oa badala ya kuikata.

Karatasi bapa hulazimisha bawa bapa, na watu wengi hudhani kwamba bawa la aina hiyo haliwezi kuruka vizuri. Linaruka, na linaweza kuboreshwa kwa njia rahisi ya kugandisha tabaka la pili juu ya nusu ya mbele ya bawa, ili pawe na ngazi katikati ya upana wake. Umbo hilo la ngazi linatokana na kazi ya Richard Kline na Floyd Fogleman, waliopata hataza yake Marekani mwaka 1972 baada ya Kline kuanza na ndege za karatasi. Katika ndege kubwa halikuleta faida iliyotarajiwa, lakini kwa bawa dogo la povu linalokwenda polepole lina manufaa mawili ya kweli: kulitia bawa ukakamavu bila mhimili mzito, na kulifanya lipoteze nguvu ya kubebwa na hewa taratibu badala ya ghafla.

EPP hukatwa kwa waya wenye joto, unaovutwa kati ya vielelezo viwili vya umbo la bawa, na anayeifanya kazi hiyo mara ya kwanza anahitaji mwenzake wa kushika upande wa pili pamoja na dirisha lililo wazi kwa ajili ya moshi. Povu hili halipendi msasa wala rangi, hivyo uso wake hubaki na chembechembe na mapambo yake hufanywa kwa tepu ya rangi. Wengi hununua mabawa yaliyokwisha kukatwa, na kwa anayeanza uamuzi huo ni wa busara.

Balsa inadai mengi zaidi: mchoro wa ukubwa halisi, ubao ulionyooka wa kuchomea pini, misasa ya daraja mbalimbali, na uwezo wa kuuchagua mti kwa mkono. Mbao mbili za balsa zenye vipimo sawa zinaweza kutofautiana uzito mara mbili, kwa kuwa balsa ya kuundia ndege huanzia chini ya kilo 100 kwa mita ya ujazo na inaweza kuzidi 200. Mwenye uzoefu huuweka mti mgumu kwenye mihimili, na mwepesi mkiani na kwenye ncha za mabawa. Anayechukua mbao bila kuzipima hupata ndege yenye umbo sahihi na mizani mibaya, kisha huilaumu michoro. Wapo wanaouona uundaji wa balsa kuwa mzigo tu wa kuvumilia ili wafike uwanjani. Kwa maoni yangu watu hao wasiichague, kwani nusu ya thamani yake imo katika wiki za mezani, mtu anapoziona mbavu zikijipanga juu ya mhimili.

Kuruka

Uzito ndio unaoeleza karibu kila kitu kinachoonekana angani. Kwa bawa letu la desimita za mraba 20, kiunzi cha balsa kilichoundwa kwa uangalifu huipa ndege nzima gramu 400 hivi, EPP gramu 420 hadi 470, na ubao wa karatasi hukaribia 500. Depron ya milimita 6 hutoa bawa la gramu 40 hadi 50 kabla ya gundi, na kwa mota ndogo na betri ya seli mbili ndege nzima inaweza kubaki chini ya gramu 250. Kiwango hicho cha mwisho kina maana nyingine pia, kwa sababu katika nchi kadhaa, Marekani ikiwamo, wajibu wa kusajili ndege ya burudani huanza pale uzito unapozidi gramu 250.

Ndege ya gramu 500 kwa bawa hili hubeba gramu 25 kwa kila desimita ya mraba, na mwendo wake wa chini kabisa kabla ya kuporomoka ni takriban mita 6 kwa sekunde. Ya gramu 250 hushuka hadi mita 4.2 hivi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini nishati ya mgongano hutegemea uzito na mraba wa mwendo, kwa hiyo ndege nyepesi inayogonga ardhi kwa mwendo wake wa chini hubeba robo tu ya nishati ya ile nzito. Hii ndiyo sababu Depron, pamoja na ukavu wake wote, huokoka katika ajali ambazo mtu asingetarajia. Gharama ya wepesi huo ni upepo. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ni mkubwa kuliko mwendo wa chini kabisa wa ndege hiyo, nayo hupeperushwa kama unyoya, ilhali ile ya ubao wa karatasi hupita katika upepo uleule ikiwa imetulia.

EPP huruka vizuri kwa mwendo wa kati, lakini ulaini wake unajitokeza kasi inapozidi: bawa hujisokota kidogo, vibapa vya kuongozea huanza kutetemeka, na amri ya rimoti hufika kama imechelewa. Fito za kaboni zilizopachikwa juu na chini ya bawa hupunguza tatizo hilo bila kuliondoa. Balsa haina kasoro hiyo. Bawa lake lenye mbavu na plastiki iliyokazwa kwa pasi hushika umbo kamili la mgongo wa bawa, huteleza mbali mota ikizimwa, na humjibu rubani papo kwa papo. Aliyewahi kuongoza ndege ya balsa iliyosawazishwa vizuri anajua kwamba hakuna povu linalofikia utulivu wake wakati wa kutua.

Kwa miaka mingi chaguo hili la malighafi halikuwepo kabisa. Kanali H. J. Taplin wa Uingereza aliporusha ndege yake ya umeme ya rimoti, Radio Queen, tarehe 30 Juni 1957, alitegemea betri za fedha na zinki, na kila gramu iliyookolewa kwenye kiunzi ilikuwa ya lazima. Mota zisizo na brashi na betri za lithiamu polima ndizo zilizotupatia ziada ya nguvu inayomruhusu mtu leo kurusha ubao wa maonyesho. Kwa ndege ya mazoezi inatosha kupanga wati 200 kwa kila kilo: ndege yetu ya gramu 500 inahitaji wati 100, ambazo kwa volti 11.1 ni ampea 9 hivi, na betri ya mAh 1,300 ikitumiwa asilimia 80 tu huipa takriban dakika 7 za nguvu zote. Angani nguvu zote hutumika mara chache, hivyo dakika 10 hadi 12 ni matarajio ya haki.

Nani achague nini

Anayejifunza bila mwalimu pembeni yake achague EPP, na asibabaishwe na sura yake. Katika hatua hiyo idadi ya mara anazotua ina thamani kuliko uzuri wa kila safari, na hakuna malighafi nyingine inayomrudisha angani upesi kiasi hicho. Ikiwa EPP haipatikani karibu naye, ubao wa karatasi unashika nafasi ya pili bila aibu, mradi akate viunzi viwili kwa mkupuo mmoja na kuweka cha pili akiba. Mwenye uwanja mdogo uliokingwa na upepo, au anayerusha ndani ya ukumbi, hana cha kujadili: Depron imeumbwa kwa ajili yake.

Balsa ningemshauri yule ambaye tayari anatua pale alipokusudia, na ambaye anapenda kuunda kwa ajili ya kuunda. Simshauri mwanafunzi, hata mwenye mikono mizuri, kwa sababu hofu ya kuvunja kazi ya wiki sita humfanya arushe kwa woga, na rubani mwoga huchelewa kujifunza. Kwa ndege za EPO zilizo tayari, sharti langu ni moja: kabla ya kununua, uhakikishe kwamba bawa, mkia na kibao cha mota vya ndege hiyo vinauzwa pia peke yake.

Vifaa vya umeme havifungwi na uamuzi huu. Mota, kidhibiti, sevo na kipokezi vilivyonunuliwa kwa ajili ya EPP vitahamia kwenye ubao wa karatasi na baadaye kwenye balsa, ikiwa tangu mwanzo mota imefungwa kwa skrubu juu ya kibao cha plaiwudi kinachong'oka. Kila vinapohama, vipimo viwili vinaanza upya. Kitovu cha uzito kitafutwe kwa kuibeba ndege juu ya ncha za vidole, katika robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, betri ikiwa ndani. Kisha mwendo wa vibapa vya kuongozea upunguzwe kwa safari ya kwanza, hasa unapotoka kwenye EPP kwenda balsa, kwa kuwa kibapa kigumu kikipinda kiasi kilekile huigeuza ndege kwa nguvu kubwa kuliko mkono ulivyozoea.